Mwanya wa Karatasi Tatu

9 Januari

Kitinda, mdogo wangu,

Hapa nyumbani wote tunapumua, na wengine wetu tunapumua kwa kelele. Goti la Mama limemrudia, naye ameamua kwamba dawa yake ni kutuamrisha akiwa ameketi. Shangazi alikuja kumjulia hali kwa siku mbili na hii ni wiki ya tatu. Mgeni siku ya tatu mpe jembe, nami kwa kuwa sina jembe nikamwachia randa karibu na mkono wake. Ameitumia kuzuia mlango usijifunge. Wifi yako naye ana lake: siku hizi ananimiminia chai nusu kikombe. Nikiuliza ananijibu kwamba nusu mbili ni kikombe. Fundi mwenye miaka ishirini na mitatu kazini nanyweshwa chai kama mtoto.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Mwalimu wa muziki, yule mama wa ukumbi wa ghorofani, amepata ruhusa ya kuwanunulia wanafunzi wake magita kumi ya umeme. Duka linauza ya nchi nne kwa bei zinazokaribiana. Akaniletea moja la kila nchi, akasema masikio yake anayaamini lakini macho yake hayaamini, niyafungue nimwambie lipi limejengwa na lipi limepakwa rangi tu.

Unanijua. Nilitandika blanketi juu ya meza ya Baba, nikalegeza nyuzi, nikafungua shingo moja baada ya nyingine, na kila nilichokiona nikakiandika na tarehe yake. Mwanya wa kiungo, pale shingo inapoingia mwilini, nilipima kwa karatasi za daftari.

La Japani si jipya, limepita mikono miwili mitatu, lakini kiungo chake hakipitishi hata karatasi moja. Na ndani humo, mahali ambapo mnunuzi hafiki, kuna alama ya penseli ya mtu nisiyemjua, kwa herufi nisizozisoma. Niliishika shingo ile muda mrefu. Nilimsikia Baba alivyokuwa akituambia: "Kazi ikikuridhisha, itie alama pasipoonekana. Isipokuridhisha iuze, ule, lakini usiitie alama."

La Korea linapitisha karatasi moja ukiisukuma kwa ukucha, na nyaya zake ndani zimelazwa kama nywele zilizochanwa. La Indonesia karatasi moja pia. Freti zake, vile vijiti vya chuma shingoni, zimesuguliwa ncha vizuri, ila rangi imejikusanya pembeni kama nta ya mshumaa.

Halafu hilo la huko uliko. Jekundu, la kukufanya utabasamu kabla hujalishika. Kiungo kinapitisha karatasi tatu. Tatu, Kitinda. Ncha za freti zinashika kitambaa. Shangazi alipitisha mkono akauliza huu msumeno unaimba vipi. Na freti ya tano imeliwa upande mmoja, ukibonyeza uzi hapo unalia kama nzi ndani ya chupa. Mnafanya nini huko? Mwaka wa nne huu uko kwenye meza ya shingo. Mimi kila siku nawaambia watu mdogo wangu anatengeneza magita ng'ambo, na sasa sijui niendelee kusema au ninyamaze.

Ripoti nitaiandika kama nilivyoona: Japani, Korea, Indonesia, na hilo la mwisho. Sikufichi. Nawe ukichoka na kazi ya namna hiyo, meza ya Baba bado ina nafasi mbili.

Kaka yako,
Rula


2 Februari

Kaka Rula,

Barua yako imenikuta mzima, ila imeniacha nikisaga meno. Chumbani tuko wanne kwa dirisha moja. Wa kitanda cha juu yangu anaimba akiwa usingizini, tena wimbo uleule, tena anausahau palepale. Nywele zangu zinanuka vanishi hata nikiziosha mara tatu. Mpe Mama pole ya goti na umwambie nakula. Mwambie Shangazi randa ni ya Baba. Na kuhusu chai, mwulize wifi sababu, kisha uniandikie atakachosema, si utakachotaka wewe aseme.

Haya. Magita mangapi ya huku umefungua? Moja. Kwa moja hilo umeihukumu nchi nzima, na mimi ndani yake. Samaki mmoja akioza wote wameoza: hiyo ni methali ya wauza samaki, si ya mafundi. Hilo la Japani limechaguliwa na miaka. Wenzake waliokuwa wabovu walishatupwa zamani, limebaki lililobaki. Unalinganisha mzee aliyepona magonjwa yote na mtoto aliyezaliwa jana.

Tena umesahau jambo moja. Hapa wamekataza kuandika chochote kwenye mbao, lakini mimi nilianza siku ya kwanza kutia alama yetu, mistari miwili na nukta, kwenye kisigino cha shingo, mahali kinapofichwa na kiungo. Je, uliitafuta? Kama ipo, nitajibu. Kama haipo, basi hujaona kazi yangu.

Na hiyo freti ya tano. Unasema imeliwa. Upande wa uzi mnene au mwembamba? Mikwaruzo yake inaelekea wapi? Nitumie picha. Mtu anayeitwa Rula tangu darasa la tatu kwa sababu alipima urefu wa adhabu yake, leo ananiandikia "imeliwa" bila kipimo.

Mdogo wako,
Kitinda


24 Februari

Kitinda,

Mama anatembea hadi mlangoni na kurudi, na kila akirudi anatuambia amefika wapi, kana kwamba tulikuwa na shaka. Shangazi yupo. Kikombe changu cha bluu kimevunjika.

Nimeitafuta alama. Kwenye gita jekundu haipo. Nikasema labda nakuonea, nikawaomba wateja wangu sita wenye magita ya huko, yote ya mwaka huu na uliopita, nikawafungulia bure. Mwanya wa karatasi mbili, tatu, tatu, mbili, tatu, na la sita niliacha kupima nikaingiza bahasha. Alama haimo hata kwenye moja. Ama kiwanda kina meza nyingi sana, ama alama yako uliiacha njiani. Sijui lipi nilitumaini.

Freti imeliwa tu. Iliyoliwa imeliwa, picha haiwezi kuirudisha.

Ripoti nimempa Mwalimu. Akaisoma mara mbili, akaniambia kwenye sanduku la gita kuna karatasi ya kiwanda inayosema mnunuzi asiyeridhika aandike naye atajibiwa. Amepiga picha palepale mezani kwangu, za kiungo na za freti, na anawaandikia. Nilimwambia si lazima. Akanitazama juu ya miwani: "Fundi, si wewe uliyesema?"

Ni mimi niliyesema.

Rula


3 Aprili

Kitinda,

Wiki ya sita hii sina neno lako. Simu uliyopiga kumjulia hali Mama uliongea na Mama, na wifi, na Shangazi mpaka akalia. Nilipopokea mimi mtandao ukakatika. Mtandao huo una ubaguzi.

Sisi mambo ya kazi tunaandikiana, ndivyo tulivyokubaliana, kwa sababu barua unaweza kuifungua tena ukaipima. Sasa nipime nini? Kama umekasirika, kasirika kwa maandishi.

Nimekuwa nikirudisha kazi za watu. Nasema nina nyingi. Mteja mmoja ameniuliza mbona meza ni tupu.

Kaka yako


19 Aprili

Kaka,

Wenzangu hawajambo, wa juu yangu bado hajaupata ubeti wa pili. Huku baridi imepungua na mabomba yameacha kugonga ukutani. Hizo ndizo habari, sasa nifungue shingo.

Jumatatu mbili zilizopita msimamizi aliniita kwenye kile chumba chao cha vioo, mahali kila mtu anakuona lakini hakuna anayekusikia. Aliweka picha mezani, moja moja, kama mtu anayegawa karata. Kila shingo hapa ina nambari, Kaka. Ukifungua unaiona imegongwa kwa mhuri karibu na tundu la skrubu. Lazima uliiona, na lazima uliiandika, maana wewe huachi kitu. Nambari ile ni ya meza yangu.

Picha ya kwanza ilikuwa ya kiungo. Niliitazama nikasema ndiyo. Nilipoajiriwa nilipewa dakika kumi na moja kwa shingo. Mwaka juzi zikawa saba. Tangu mwaka jana ni nne, na saa kubwa iko ukutani mbele yetu. Kwa dakika nne unasugua, unapitisha, unasukuma kwa mwenzako. Niliacha kutia alama mwezi ule ule zilipokuwa nne. Hakuna aliyenikataza. Sikuwa na kazi iliyostahili alama. Kwa hiyo ulipoyafungua yale magita saba ukakuta patupu, ulikuwa unaiona kazi yangu waziwazi kuliko mtu yeyote hapa, na mimi ndiye niliyekutuma uangalie. Nilikuandikia vile kwa kiburi, nikitumaini tu kwamba hutakuta iliyopita mikononi mwangu. Mwanya wa karatasi tatu ni wangu. Chukua, uandike na tarehe.

Picha ya pili ilikuwa ya freti ya tano.

Kwanza nililitambua jiliwa la Baba pembeni, kile kibanio cha mbao chenye jino lililovunjika. Nilifurahi kijinga, kama mtu aliyekutana na ndugu sokoni. Halafu nikaitazama freti. Hapa hatushiki tupa ya kusugulia chuma kwa mkono, Kaka. Freti zinasawazishwa na mashine, inapita mara moja kutoka kichwani hadi kisiginoni, na mikwaruzo yake inakwenda kwa urefu wa shingo, imenyooka kama mistari ya daftari. Mikwaruzo ya kwenye ile picha inakwenda mshazari, imezama upande mmoja, kisha imeruka ikagusa freti ya sita. Ile ni tupa ya mkono. Ni tupa iliyomponyoka mtu.

Msimamizi akauliza kama na hilo ni langu. Niliona vidole vyake juu ya picha. Nikafikiria nusu kikombe cha chai. Nikafikiria kikombe cha bluu. Nikasema ndiyo, ni langu.

Nimepewa onyo la maandishi na kuondolewa kwenye shingo. Sasa nafunga masanduku. Naweka gita, naweka ile karatasi inayosema asiyeridhika aandike, naziba.

Mwanya ni wangu. Freti ya tano si yangu. Tangu lini mkono wako unatetemeka, na kwa nini nimeusoma kwenye picha ya kiwanda badala ya barua yako?

Kitinda


17 Mei

Mdogo wangu,

Mama mzima. Shangazi ameondoka, na nyumba imekuwa na ukimya ambao sikuuomba.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Kisha nikatoa shajara yangu nikafungua tarehe 5 Januari. Kuna maneno manne: "Freti ya tano imeliwa." Sikuandika imeliwa na nani. Nimeandika shajara miaka kumi na tisa, Kitinda. Nimeandika mvua, nimeandika misiba, nimeandika hata siku niliyomjibu Baba vibaya. Siku ile peke yake nilijificha ndani ya sentensi yangu mwenyewe.

Ilikuwa hivi. Freti ya tano ilikuwa imeinuka kidogo sana, unene wa unywele, kitu cha kutoa kwa mipigo miwili. Sheria yangu ni kupima kwanza yote, kisha kugusa. Siku ile nikagusa kwanza. Nilitaka kujihakikishia kwamba bado naweza. Mpigo wa kwanza ulikwenda sawa. Wa pili mkono ukaruka wenyewe, kama umeguswa na umeme. Nikaiangalia ile freti, nikaangalia mlangoni kama kuna aliyeona. Wifi yako alikuwa pale ameshika sinia. Aliweka chai, na kuanzia jioni ile kikombe kikawa nusu, ili nisijimwagie mbele ya Shangazi.

Mtetemeko ulianza mwezi wa kumi mwaka jana. Daktari amesema ni mishipa ya fahamu, haiui, lakini haiponi. Kwa hiyo nilipokuandikia kwamba kazi ya huko ni mbovu, na kwamba meza ina nafasi mbili, nilikuwa nakuomba urudi. Nilishindwa kuomba, nikaona afadhali niidharau kazi yako mpaka urudi mwenyewe. Sikujua onyo lingekuangukia wewe. Hapana, nifute hilo. Nambari niliiona. Nambari niliiandika. Sikutaka kujua ni ya nani.

Jumanne nilipanda kwa Mwalimu. Alikuwa na darasa, nikangoja kwenye ngazi, mvulana mmoja akipiga sauti moja tu mara mia. Nilimwambia yote. Alivua miwani, akaifuta na upindo wa gauni. "Fundi, mimi nilikuja kwako kwa sababu kila mtu mjini anasema wewe husemi uongo." Palepale akaandika barua nyingine kwa kiwanda nikiwa nimesimama, nami nikatia sahihi chini yake. Sahihi ilikuwa mbaya. Akaniambia niiache hivyo hivyo, ndiyo ushahidi.

Ripoti pia nimeiandika upya. Safu ya "nchi" nimeikata kwa mstari. Mahali pake nimeandika "dakika", na hapo sina namba ila moja, ile nne yako. Yule Mjapani aliyeandika kwa penseli sijui alipewa dakika ngapi, lakini alipewa za kutosha kufikia penseli. Mwalimu akauliza basi anunue lipi. Nikamwambia achague lolote, mradi kila moja lifunguliwe na lisawazishwe kabla ya mtoto kulishika. Akauliza na nani. Nikaificha mikono mfukoni.

Gita jekundu amelirudisha kwangu. Lipo kwenye msumari, nyuzi zimelegezwa. Sijaligusa.

Nisamehe, au kama huwezi bado, andika hivyo.

Kaka yako


11 Juni

Kaka,

Wazima sisi. Wa juu yangu amehama, na mimi ndiye sasa ninayeimba ule wimbo, nao hauishi.

Barua ya Mwalimu imefika. Najua kwa sababu msimamizi aliniita tena kwenye vioo, akanisomea jibu waliloandika: kiwanda kinashukuru kwa maoni. Nikauliza kuhusu onyo langu. Akasema onyo likishaingia kwenye jalada halitoki, na tena mwanya nilikiri mwenyewe. Ni kweli, nilikiri. Nilitoka nikapiga teke sanduku tupu, likaniumiza kidole. Kwa hiyo hasira yangu yote ya miezi mitano imeishia kwenye kidole kidogo cha mguu wa kushoto.

Bado nimekasirika na wewe, nimeandika kama ulivyoagiza. Si kwa ajili ya freti. Freti hubadilishwa. Ni kwamba ulinidharau ili nirudi, wakati ungesema "njoo" ningekuwa nimeshafunga begi. Sasa nina mkataba hadi Desemba, na nikiuvunja wananizuilia cheti cha kazi. Nitakuja nacho. Sitaki kurudi nyumbani kama mtu aliyefukuzwa.

Gita jekundu usilining'inize mpaka Desemba, shingo itapinda. Wifi anashona vifungo bila kuangalia. Mpe tupa. Wewe elekeza kwa mdomo tu.

Kitinda


30 Juni

Kitinda,

Mama amefika hadi dukani na kurudi. Safari hii hakutangaza, tuliona mkate.

Nilimpa wifi yako tupa kama ulivyosema. Aliikagua pande zote, akauliza kwa nini kitu muhimu hivi kina mpini mbaya hivi, akaufunga kitambaa. Tuling'oa freti ya tano na ya sita, tukagonga mpya. Mimi nilisema, yeye alifanya. Niliposema sana alinipa msasa nishike ili niwe na kazi. Ilituchukua saa mbili na dakika arobaini. Kisha akaanza kwenye kile kiungo chako, akapasua kipande cha mbao chembamba kama kadi, akakisugua, akakijaribu, akakitoa, akakisugua tena, mara tisa, nimehesabu. Sasa kiungo hakipitishi karatasi.

Kabla ya kufunga shingo nilimwekea penseli mbele. Nikamwonyesha mistari miwili na nukta, nikamwambia naye ni wa nyumba hii, atie. Alilitazama gita, akapitisha kidole kwenye freti ya tano, mara ya pili, mara ya tatu. Akanirudishia penseli.

"Mpaka wifi yangu aione kazi."

Tumelifunga bila alama. Mwalimu amekubali lipigwe hivyo hadi Desemba, kisha lirudi mezani lifunguliwe mbele yako. Penseli nimeichonga, ipo kwenye droo ya upande wako.

Leo kikombe kilikuwa nusu. Sikuuliza. Nilipokimaliza akaniongezea nusu ya pili.

Njoo.

Kaka yako